Farumi ya Trekta: Uzito Ukae Wapi?

Nahodha wa jahazi aliyekwisha kuteremsha shehena yake hapendi kutweka tanga na kurudi safari akiwa na chombo kitupu. Hupakia kwanza mawe au mchanga chini kabisa chomboni, ili upepo usije ukakipindua. Uzito huo, ambao hauuzwi wala haulipiwi nauli, mabaharia wa pwani yetu huuita farumi. Tena nahodha hatosheki na kuwa na farumi ya kutosha. Hutazama pia mahali ilipowekwa, maana mawe yaleyale yakirundikwa upande mmoja yatamdhuru badala ya kumwokoa.

Neno hilo la baharini tutaliazima kwa ajili ya chombo cha nchi kavu, yaani trekta. Mtu asiyezoea mitambo hushangaa anapomwona mkulima akijaza maji ndani ya matairi ya trekta, au akifunga pipa la zege nyuma yake, kana kwamba trekta lenyewe si zito vya kutosha. Mkulima huyo anatia farumi. Anayoyafanya yanaweza kufafanuliwa kwa kanuni ya wenzo ambayo kila mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuisoma, na pale kanuni hiyo inapopuuzwa matokeo yake mara nyingi ni dereva aliyelaliwa na trekta.

Trekta tunalolizungumzia ni lile dogo, la nguvu za farasi 20 hadi 50 hivi, lenye kijiko cha kupakilia mbele. Asili ya wengi wa aina hii ni Japani, ambako matrekta mepesi yalibuniwa yaweze kufanya kazi katika majaruba ya mpunga bila kuzama. Baadaye yalipata soko kubwa Marekani. Kampuni ya Kubota, kwa mfano, ilianzisha tawi lake la huko mwaka 1972. Wamarekani wenye mashamba madogo waliyapenda, na wakataka yafungwe kijiko cha mbele cha kuzolea mchanga, samadi, kuni na theluji. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Tangu Harry Ferguson alipoeneza, katika miaka ya 1930, mtindo wake wa kuunga plau nyuma kwa mikono mitatu inayoendeshwa kwa nguvu ya mafuta, trekta limekuwa mnyama wa kubeba mzigo mgongoni. Ekseli yake ya nyuma ni nene na matairi yake ya nyuma ni makubwa. Ya mbele ni madogo, kwa kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kuelekeza njia. Kijiko kilimtwika mnyama huyo mzigo mdomoni.

Tufanye hesabu. Tuseme trekta, pamoja na dereva na kijiko kikiwa kitupu, lina uzito wa kilo 1,400, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 1.6. Likisimama mahali tambarare, magurudumu ya mbele yanabeba kilo 750 na ya nyuma kilo 650. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini haziko mbali na zile za matrekta halisi ya ukubwa huo. (Mwalimu wa fizikia atatuvumilia tukipima kani kwa kilo badala ya nyutoni, akitaka azidishe zote kwa 9.8, na hukumu haitabadilika.)

Sasa kijiko kichote mchanga wa kilo 400, na kitovu cha uzito wa mchanga huo kiwe mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Trekta zima limegeuka kuwa wenzo, na ekseli ya mbele ndiyo egemeo lake. Mchanga unasukuma chini kwa momenti ya 400 mara 1.2, yaani 480. Na ili momenti hiyo isawazishwe, magurudumu ya nyuma hayana budi kupunguziwa kilo 480 gawanya kwa 1.6, ambazo ni kilo 300. Kwa hiyo nyuma zinabaki kilo 350. Mbele je? Wengi watajibu kuwa mbele pameongezeka kilo 400, uzito wa mchanga. Sivyo. Mbele pamebeba mchanga wote, na juu yake zile kilo 300 zilizohama kutoka nyuma, hata mzigo wake ukawa kilo 1,450. Ekseli iliyo nyembamba zaidi ndiyo sasa inayobeba zaidi ya robo tatu ya uzito wote.

Mchanga ukifika karibu kilo 867 magurudumu ya nyuma yatainuka. Lakini hatungojei kilo zote hizo. Dereva akishusha kijiko kwa kasi na kukisimamisha ghafla hewani, mchanga wa kilo 400 waweza, kwa nukta moja, kusukuma kama mchanga wa kilo 800, na katika nukta hiyo magurudumu ya nyuma yataikanyaga ardhi kwa kilo 50 tu. Waliowahi kuendesha mitambo hii wanalijua vizuri tukio hilo: nyuma panaruka kama punda aliyeumwa na nzi.

Kuna njia mbili kuu za kutia farumi. Ya kwanza ni kuiweka kwenye magurudumu ya nyuma yenyewe, ama kwa kufunga sahani nzito za chuma cha kusubu kwenye rimu, ama kwa kujaza kimiminika ndani ya matairi. Ya pili ni kuning'iniza uzito nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye ile mikono mitatu ya kuungia plau. Wauzaji na wakulima hubishana sana ni ipi iliyo bora, na ubishi wao kwa kawaida ni juu ya kilo ngapi. Tuzipe basi njia zote mbili kilo zilezile, tuone.

Tairi la nyuma la kipimo cha 11.2-24 likijazwa maji hadi robo tatu huchukua karibu lita 130. Mawili yatachukua lita 260, ambazo ni kilo 260. Uzito huo unakaa pale pale penye ekseli ya nyuma, basi unaongezeka wote nyuma: kutoka kilo 350 tunapata 610. Ekseli ya mbele haioni tofauti yoyote. Inabaki na kilo zake 1,450. Sasa tutoe maji, tuning'inize pipa la zege la kilo 260, kitovu chake kikiwa mita 0.8 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kutoka egemeo la mbele hadi kwenye pipa ni mita 2.4. Zidisha 260 kwa 2.4, gawanya kwa 1.6, na nyuma pameongezeka kilo 390, na kufikia 740. Kilo 130 za ziada zimetoka wapi, ikiwa pipa lina 260 tu? Zimetoka mbele. Pipa limekuwa upande wa pili wa mzani, linainua mbele kwa kadiri hiyo, na mzigo wa ekseli ya mbele umeshuka hadi kilo 1,320.

Hilo ndilo jambo ambalo mabishano ya kilo hulificha. Maji ndani ya tairi huishikilia nyuma isiinuke, lakini hayaipunguzii ekseli ya mbele hata ratili moja. Beringi, gia na sili za mbele zitaendelea kuteseka kama awali. Mwenye trekta anayejaza matairi kisha akadhani kwamba sasa anaweza kuzoa mizigo mikubwa zaidi anajidanganya, kwa kuwa mbele ndipo panapovunjika. Kwa sababu hiyo vitabu vya maelekezo vya watengenezaji wengi hudai uzito nyuma ya ekseli kila kijiko kinapotumika, na si maji peke yake.

Hata hivyo, maji yana sifa mbili ambazo pipa halina. Kwanza, hayaielemei ekseli ya nyuma. Gurudumu linasimama ardhini kwa tairi lake, na maji yamo ndani ya tairi hilo. Uzito wake unapita moja kwa moja kwenda ardhini bila kupitia kwenye beringi. Pili, yanakaa chini. Trekta linapokwenda mwendo wake wa kawaida wa polepole, tairi huzunguka lakini maji kwa sehemu kubwa hubaki yametulia chini kama chai ndani ya kikombe kinachozungushwa, na kitovu chake kiko chini ya kiwango cha ekseli. Faida hiyo inaonekana trekta linapopita kwenye ubavu wa mlima.

Hapa yatupasa tutazame umbo la trekta kwa makini. Ekseli ya mbele haikufungwa imara kwenye mwili. Imeshikwa katikati kwa pini moja, ili gurudumu moja la mbele liweze kupanda kichuguu bila kuinamisha trekta zima. Maana yake ni kwamba, ingawa lina magurudumu manne, trekta linasimama kama kigoda cha miguu mitatu: magurudumu mawili ya nyuma na pini ya mbele. Likianza kulala upande, magurudumu ya mbele hayatoi msaada mpaka ekseli imefika mwisho wa mchezo wake, na kufikia hapo mwili umekwisha kushika kasi ya kuanguka.

Ukichora pembetatu hiyo, kitako chake kipana kikiwa nyuma na ncha yake ikiwa mbele, utaona kwamba kadiri kitovu cha uzito kinavyosogea mbele ndivyo kinavyoingia mahali pembamba. Tuseme upana kati ya magurudumu ya nyuma ni mita 1.2. Umbali wa kitovu hadi ukingo wa pembetatu ni kama nusu ya upana huo ikizidishwa kwa sehemu ya uzito wote iliyoko nyuma. Kwa trekta letu lenye mchanga bila farumi, sehemu hiyo ni 350 kati ya 1,800, na umbali ni sentimeta 12 tu, kiasi cha upana wa kiganja. Maji yanaufanya uwe 18, pipa, 22, vyote viwili pamoja, 26. Dereva anayebeba kijiko kikiwa juu hewani, na kupanua hatari kwa kupandisha kitovu, anacheza ndani ya sentimeta hizo. Ndiyo maana kijiko kilichojaa hubebwa chini, karibu na magoti.

Lakini hatari inayosahauliwa zaidi ni ya mteremko. Katika mengi ya matrekta haya breki hukamata magurudumu ya nyuma peke yake. Tuteremke basi mahali panaposhuka mita 1 kwa kila mita 5 za mwendo, kijiko kikiwa mbele na kitovu cha uzito kikiwa mita 0.8 juu ya ardhi. Mwinamo pekee unahamisha kilo nyingine 180 kwenda mbele, na nyuma zinabaki karibu 163. Kani inayolivuta trekta chini ni sehemu ya tano ya uzito wake, yaani kilo 360. Ardhi ikiwa kavu na nzuri, tuseme kigezo cha msuguano ni 0.6, breki za nyuma hazitaweza kuzuia zaidi ya kilo 98, hata dereva akizikanyaga kwa miguu yote miwili. Magurudumu yatafungwa, na trekta litaendelea kuteleza.

Je, farumi italiokoa? Tukitia maji, trekta zima linakuwa zito zaidi, na kani ya kulizuia inapanda hadi kilo 412. Magurudumu ya nyuma yanaweza kutoa karibu 240. Bado haitoshi. Tukitia maji na pipa pamoja, inahitajika 464 na inapatikana 460 hivi. Kwenye karatasi namba hizo zinakaribia kulingana, lakini hakuna mtu mwenye akili atakayeteremka mlima kwa kutegemea ulinganifu wa namna hiyo, hasa ikiwa majani yana umande. Dawa yake ni nyingine: kuingiza gia inayoendesha magurudumu yote manne kabla ya kuanza kuteremka, ili ya mbele nayo yazuiliwe kupitia injini na shafti. Hapo, hata bila farumi, msuguano unaopatikana unazidi kilo 1,000. Na lililo bora zaidi ni kuteremka kinyumenyume, kijiko kikielekea juu ya mlima. Kwa namna hiyo mwinamo unaurudisha uzito kwenye magurudumu yenye breki.

Turudi kwenye matairi, maana kuna kemia pia. Katika nchi zenye majira ya baridi kali maji matupu hayafai, kwa kuwa yakiganda hutanuka na kuwa bonge la barafu lisilozunguka sawasawa. Kwa miaka mingi wakulima wa Amerika ya Kaskazini wametumia kloridi ya kalsiamu. Maji yenye asilimia 30 ya chumvi hiyo kwa uzito hayagandi mpaka baridi ikaribie nyuzi 50 za sentigredi chini ya sufuri, na lita yake moja ina karibu kilo 1.28, lita zetu 260 zingekuwa na kilo 333. Anayeichanganya sharti atie chumvi kwenye maji kidogo kidogo, si maji kwenye chumvi, kwa sababu inapoyeyuka hutoa joto jingi. Ubaya wake ni kwamba hula chuma. Tundu dogo la mwiba likivujisha maji hayo kwa miezi michache, rimu huoza. Wengine hutumia glaikoli, ile inayotiwa kwenye rejeta. Lakini glaikoli ya ethilini ina utamu unaowavutia mbwa na mifugo, nayo ni sumu. Methanoli ni sumu vilevile, huwaka, na ni nyepesi kuliko maji. Siku hizi inauzwa pia shira inayobaki baada ya kukamua sukari ya kiazisukari. Haili chuma, na lita yake ina karibu kilo 1.3, ila bei yake ni kubwa.

Sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki haihitaji yote hayo. Maji safi yanatosha, isipokuwa kwenye nyanda za juu kama Kitulo au Kinangop, ambako barafu ya alfajiri hutokea katika miezi ya baridi.

Kwa nini tairi lijazwe robo tatu tu? Mwanafunzi aliyesoma kanuni ya Boyle ataweza kujibu. Maji hayabinyiki, hewa ndiyo springi ya tairi. Tairi lenye hewa tupu likigonga jiwe na ujazo wake ukapungua kwa asilimia 2, hewa yote inagawana upungufu huo, na kanieneo yake inapanda kwa asilimia 2 hivi. Likiwa na maji robo tatu, upungufu wote unaiangukia robo ya hewa iliyobaki, ambayo inapoteza asilimia 8 ya ujazo wake. Tairi limekuwa gumu mara nne, na dereva ataliona hilo mgongoni. Likijazwa kabisa halina springi hata kidogo, na jiwe hilohilo laweza kulipasua. Kwa kupima robo tatu, fundi hugeuza gurudumu mpaka vali iwe juu kabisa, kisha hujaza mpaka maji yafike kwenye vali. Hewa nayo hupimwa vali ikiwa juu vivyo hivyo, na mara nyingi zaidi kuliko desturi, kwa kuwa hewa ikiwa kidogo, uvujaji mdogo huishusha upesi.

Mwenye shamba la udongo wa mfinyanzi afikiri mara mbili kabla ya kujaza matairi. Pipa aweza kulifungua akaliacha bandani siku ya kulima. Maji atatembea nayo kila mahali, akishindilia udongo na kuchoma mafuta bure. Wengi hawahitaji hata pipa: plau au mashine ya kukatia majani iliyokwisha kununuliwa hufanya kazi hiyohiyo ikining'inizwa nyuma.

Juu ya hayo yote, liwepo tao la chuma linalomkinga dereva, pamoja na mkanda. Uswidi ilililazimisha kwa matrekta mapya mwaka 1959, na Marekani watengenezaji walikubaliana kulifunga kwenye matrekta yao mapya kuanzia mwaka 1985. Tao bila mkanda ni nusu ya kinga, maana dereva akirushwa nje, chuma kile kile cha kumlinda chaweza kumwangukia.

Walimu wanaotaka kuthibitisha hesabu zetu darasani watahitaji ubao wa urefu wa mita 1, mizani mbili za jikoni, penseli mbili na mawe. Uweke ubao juu ya penseli, na kila penseli juu ya mizani yake: ya mbele chini ya alama ya sentimeta 40, ya nyuma chini ya alama ya 72. Umbali huo ni sehemu ya tano ya ule wa trekta letu. Panga mawe juu ya ubao, ukiyasogeza mpaka mizani ya mbele isome gramu 750 na ya nyuma 650. Kisha weka jiwe la gramu 400 kwenye alama ya 16: nyuma zitabaki 350 na mbele zitafika 1,450. Weka jiwe la gramu 260 kwenye alama ya 72, ambalo ndilo maji ya matairi, na uwaulize wanafunzi, kabla ya kutazama, mizani ya mbele itasoma nini. Mwisho lisogeze jiwe hilo hadi alama ya 88. Nyuma patasoma 740 na mbele 1,320. Tofauti ya gramu chache itatokana na penseli kutokaa sawasawa kwenye alama zake.